Siki, Heksani na Chumvi

Jioni ya tarehe 20 Novemba 1850, katika kasri la Bitremont nchini Ubelgiji, Gustave Fougnies alialikwa chakula nyumbani kwa dada yake. Alikuwa mtu dhaifu, mguu mmoja umekatwa, na alikuwa mbioni kuoa. Ndoa hiyo ingemkosesha shemeji yake, Hippolyte Visart de Bocarmé, urithi aliokuwa akiumezea mate, maana kabaila huyo alikuwa na jina kubwa na madeni makubwa zaidi. Usiku haujakolea, Fougnies alikuwa maiti sakafuni. Watumishi wakaambiwa ni kiharusi. Kilichowashangaza ni siki. Bwana mkubwa aliagiza siki, akaagiza tena, ikamiminwa kinywani mwa marehemu na kuoshewa mwili wake. Nguo zikafuliwa usiku uleule, na sakafu ikakwanguliwa kwa kisu.

Viungo vya maiti vilipelekwa Brussels kwa mkemia Jean Servais Stas. Hapo ndipo inapoanzia historia ya kutafuta dawa ya wadudu katika mwili wa binadamu, ingawa hakuna aliyeiita hivyo wakati ule. Sumu iliyomuua Fougnies ilikuwa nikotini, na nikotini ni dawa ya wadudu ya siku nyingi: wakulima wa Ulaya walikuwa wakiloweka majani ya tumbaku na kunyunyizia maji yake kwenye mimea kuua vidukari muda mrefu kabla ya kiwanda chochote cha viuatilifu. Bocarmé mwenyewe alikuwa amejifunza kukamua sumu hiyo kutoka kwenye tumbaku, akiwaambia watu kwamba anatengeneza marashi.

Wakemia wa zama zile walijua kuikamata arseniki. Tangu James Marsh alipotangaza kipimo chake mwaka 1836, mtu aliweza kuchoma nyama yote kwa tindikali kali na arseniki ikabaki, kwa sababu yenyewe haiteketei. Nikotini inaungua. Ukiteketeza nyumba ili umkamate mwizi aliye ndani, utaambulia majivu ya vyote viwili. Kwa hiyo sumu za mimea zilidhaniwa kuwa zikishaingia mwilini zimepotea moja kwa moja, na wauaji waliosoma walilijua hilo.

Stas hakuchoma. Aliichukua nyama akailoweka kwenye pombe kali iliyotiwa tindikali, akachuja, akaipunguza kwa moto wa polepole, akachuja tena. Mafuta na protini vikabaki nyuma, maji machungu yakapita. Kisha akatia potasi, ambayo ni jamaa ya magadi yetu, na papo hapo harufu ya tumbaku ikampanda puani. Akamimina etha juu yake, akatikisa, akasubiri tabaka mbili zijitenge. Etha ilipoachwa ikayeyuka hewani, tone la mafuta likabaki kwenye bakuli. Siri ilikuwa katika tabia ya sumu yenyewe: ikiwa kwenye uchachu hung'ang'ania maji, ikitiwa magadi huyakimbia maji na kuifuata etha. Siki aliyoimwaga Bocarmé ili kuua harufu ndiyo iliyosaidia kuishikilia nikotini kwenye majimaji ya mwili. Stas alijaribu hata kwa mbwa, mmoja akapewa nikotini peke yake na mwingine nikotini pamoja na siki, ili mahakama isije ikayumbishwa. Bocarmé alikatwa kichwa mjini Mons mwezi Julai 1851. Mkewe aliachiwa huru.

Miaka michache baadaye Mjerumani Friedrich Julius Otto aliiboresha njia hiyo, na kwa zaidi ya karne moja wanafunzi wa sumu waliijua kama njia ya Stas na Otto. Nimeanza nayo kwa sababu masimulizi ya fani hii hupenda kusifu mashine, nami naona sifa nyingi zimekosa mwenyewe. Mashine husoma kile tu inachopewa. Anayeamua ipewe nini ni mtu wa hatua ya awali, aliyeshika mrija na kimiminika, anayejaribu kuishawishi sumu iiache damu.

Aliyewahi kukuna nazi anaifahamu nusu ya sayansi hii. Nazi moja ukiitia maji yote kwa mkupuo ukakamua mara moja, utapata tui, lakini jingi litabaki kwenye machicha. Maji hayohayo ukiyagawa mara tatu, ukakamua kasimile kwanza, kisha tui la pili, kisha la tatu, kifumbu kitatoka na machicha makavu yasiyo na ladha. Maabara hufanya vivyo hivyo: kimiminika kidogo mara tatu hushinda kingi mara moja. Nusu ya pili ya sayansi ni ngumu zaidi. Damu si nazi. Ina protini zinazoganda, mafuta yanayofuata kila kinachopenda mafuta, chumvi, na rangi nyekundu inayochafua kila chombo, na sumu inayotafutwa ndani yake ni chembe ambayo jicho haliwezi kuiota.

Kwa miaka mingi baada ya Stas, suala la dawa za wadudu katika damu halikumsumbua mtu sana. Lilirudi kwa kishindo baada ya mwaka 1939, Paul Müller wa kampuni ya Geigy mjini Basel alipogundua kwamba DDT, kemikali iliyokuwa imetengenezwa na Othmar Zeidler mwaka 1874 kisha ikasahauliwa, inaua wadudu kwa kuguswa tu. Vita ikaisambaza dunia nzima, na Müller akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1945 kilikuwapo tayari kipimo cha rangi, cha Schechter na Haller: DDT ikipikwa kwa tindikali ya naitriki kisha ikatiwa kemikali nyingine, hutoa rangi ya buluu. Kilifaa kwa maziwa na kwa mafuta ya mwili, ambamo DDT hujilimbikiza. Kwa damu ya mtu wa kawaida kilikuwa sawa na kutafuta sindano baharini kwa tochi. Hata njia za kupima mafuta ya mwili zilimtaka mtu akubali kukatwa kipande cha nyama, au awe ameshakufa.

Huku kwetu nako dawa hizo zilikuwa kazini. Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika mpango wa kupambana na malaria wa Taveta na Upare, nyumba zilipulizwa dieldrini, kemikali ya ukoo uleule wa klorini. Mbu walipungua sana. Waliolala ndani ya kuta zile walikuwa na kitu kipya damuni, na njia ya kukisoma kwa tone la damu ilikuwa bado haijazaliwa.

Njia hiyo iligawanyika nusu mbili, na nusu ya kwanza ilizaliwa London. Mwaka 1957 James Lovelock, akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, alitengeneza kigunduzi kidogo cha kunasa elektroni, cha kufungwa kwenye mwisho wa mashine ya kromatografia ya gesi. Chembe zenye klorini zina uchu wa elektroni; zikipita ndani ya kigunduzi hicho huzinyakua, mkondo wa umeme hushuka, na kalamu huchora mlima kwenye karatasi. Ghafla kiasi cha sehemu ya bilioni ya gramu kikaonekana. Matatizo yakaonekana pia, kwa sababu kigunduzi kile kilinasa na uchafu wote uliopenda elektroni. Ndiyo sababu mkemia Mills na wenzake huko Marekani walipochapisha mwaka 1963 utaratibu wao wa mabaki ya dawa kwenye vyakula, sehemu yake kubwa ilikuwa kusafisha: asetonitraili ya kutoa sumu, mafuta mepesi ya petroli ya kuipokea, kisha nguzo ya unga wa Florisil wa kuzuia takataka.

Nusu ya pili ilikuwa ya damu yenyewe. Mwaka 1966 Dale, Curley na Cueto, wakemia wa huduma ya afya ya umma ya Marekani, walichapisha njia ambayo kwa urahisi wake ungedhani kuna ukurasa umekosekana. Walichukua damu, wakatia heksani, wakachanganya, wakaipeleka heksani kwenye mashine. Utaratibu uliokuja kuandikwa katika mwongozo wa maabara za serikali yao ulikuwa hivi: mililita 2 za majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe nyekundu, mililita 6 za heksani, mrija ukafungwa kwenye gurudumu linalozunguka mara 50 kwa dakika, kwa saa 2. Upole huo ulikuwa na sababu. Ukitikisa kwa nguvu, damu na heksani hushikana na kuwa uji mweupe wa katikati kama maziwa yaliyokatika, na hapo kimiminika hakitengani tena. Wataalamu wa damu wengi wamewahi kupoteza siku nzima kwa kutikisa kwa haraka ya dakika moja.

Heksani ina hila nyingine. Haipendi maji hata kidogo, na protini inaziacha zilipo, ila kila kitu cha mafuta huifuata kwa furaha. DDT na jamaa zake ni watu wa mafuta. Kwa sababu hiyo damu ya mtu aliyekula vitu vya mafuta muda mfupi uliopita huweza kusomeka kuwa na sumu zaidi kuliko damu yake mwenyewe alfajiri kabla ya kula, na watafiti wakalazimika kupima mafuta ya damu sambamba na sumu na kugawanya kimoja kwa kingine. Nakiri hesabu hiyo hunipendeza kuliko mashine yoyote: inaonyesha kwamba walijua walichokuwa wakikikamua.

Njia hiyo haikupata muda wa kupumzika. Mwezi Juni na Julai 1967, Doha nchini Qatar na Hofuf nchini Saudi Arabia, watu walianza kuanguka kwa degedege saa chache baada ya kula mkate. Milipuko ilikuwa minne. Watu 874 walilazwa hospitali, na 26 walikufa. Uchunguzi ulifuata unga hadi melini: meli mbili tofauti, zilizopita bandari tofauti, kila moja ilikuwa imepakia unga wa ngano na endrini katika ghala moja, endrini juu, unga chini. Endrini ni ndugu pacha wa dieldrini ile ya Taveta, atomu zilezile zilizopangwa kwa sura nyingine, ila kwa ukali inamzidi nduguye mbali.

Tazama tarakimu. Katika mikate iliyopimwa, endrini ilikuwa kati ya sehemu 48 na 1,807 kwa milioni. Katika damu ya wagonjwa ilikuwa kati ya 0.007 na 0.032. Mkate uliochafuka kuliko yote uliizidi damu iliyochafuka kuliko zote kwa zaidi ya mara 50,000, na bado hiyo iliyo ndogo ndiyo iliyokuwa ikimtupa mtu chini. Mkate ungeweza kupimwa kwa njia ya zamani. Damu isingesema lolote bila heksani na kigunduzi cha elektroni. Curley yuleyule wa mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa walioithibitisha endrini ya tukio hilo kwa kromatografia.

Wakati huo huo ukoo wa pili wa dawa ulikuwa umeshika mashamba. Gerhard Schrader, akitafuta dawa za wadudu nchini Ujerumani, alikuwa amekutana na organofosfeti: tabuni mwaka 1936, kisha sarini, zilizochukuliwa na jeshi, halafu parathioni mwaka 1944, iliyokwenda shambani. Hizi hazikai mwilini miaka kama DDT. Hufanya kazi yao na kutoweka, kwa sababu damu ina vimeng'enya vya kuzikata vipande. Ukija na heksani yako baada ya siku mbili, huenda usipate kitu, na mgonjwa bado anatoka mapovu kinywani.

Jibu moja lilikuwa kuacha kuitafuta sumu na kutazama alama za miguu yake. Organofosfeti huua kwa kuziba kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Mwaka 1961 George Ellman alichapisha kipimo kinachotoa rangi ya manjano kadiri kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi. Manjano ikififia, mtu ameguswa. Hakuna cha kukamua wala kuchuja. Ndiyo maana kipimo cha aina hii kimeweza kupelekwa hadi mashambani, na wafanyakazi wa mashamba nchini Kenya walipimwa hivyo miaka ya 1990. Udhaifu wake ni kwamba hakitaji jina la sumu, na watu hutofautiana kwa asili, kwa hiyo bila kipimo cha kabla ya msimu wa kupulizia, namba ya leo ni mwanga hafifu. Kwa mganga aliye na atropini, dawa ya kuikabili sumu hiyo, mkononi, mwanga huo unatosha. Hakimu atataka jina.

Kwa waliotaka jina, kukamua kukawa kugumu zaidi, na hapo mbinu zikazaliana. Mwaka 1978 kampuni ya Waters ilianza kuuza kibweta kidogo cha plastiki chenye punje za silika zilizovishwa minyororo ya kaboni 18. Damu iliyopunguzwa kwa maji husukumwa ndani yake. Sumu inayopenda mafuta hunata kwenye punje, chumvi na protini hupita, kisha kimiminika kidogo huja kuiosha sumu itoke. Kimiminika kilichotumika kikapungua, uji mweupe ukakoma, na mtu mmoja akaweza kushughulikia sampuli nyingi kwa wakati mmoja. Damu nzima, yenye chembe nyekundu zake, iliziba vibweta hivyo kama takataka mfereji wa mvua, na hilo lilikuwa tatizo kubwa kwa maabara za uchunguzi wa vifo, kwa sababu maiti haitoi majimaji safi ya damu.

Mwaka 1990 Janusz Pawliszyn na mwenzake Catherine Arthur, katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, walikuja na wazo la kutotumia kimiminika kabisa. Unyuzi mwembamba wa kioo uliopakwa plastiki maalumu hutolewa kwenye sindano, hutumbukizwa kwenye sampuli au kuning'inizwa juu yake, kisha huingizwa moja kwa moja kwenye mashine yenye joto. Wajapani walilishika wazo hilo kwa mikono miwili. Walipasha damu moto ndani ya kichupa kilichofungwa, wakatia tindikali na chumvi kuzifukuza organofosfeti zipande hewani, na unyuzi ukazisubiri juu, bila kugusa damu. Ukiangalia asilimia ya kilichorudi, ungeitupa njia hiyo: mara nyingi ni asilimia chache tu. Lakini chote kilichonaswa kinaingia kwenye mashine, na hakikuandamana na mafuta wala protini. Mwenye kusoma jedwali la asilimia peke yake hatalijua hilo.

Nchini Japani hayakuwa mazoezi ya darasani. Tarehe 27 Juni 1994 sarini ilimwagwa usiku mjini Matsumoto, na tarehe 20 Machi 1995 katika treni za chini ya ardhi za Tokyo. Sarini yenyewe ilitoweka damuni haraka mno. Hata hivyo sehemu yake ilikuwa imejifunga kwenye vimeng'enya vya damu kama kupe, na mwaka 1997 watafiti wa maabara ya TNO huko Rijswijk, Uholanzi, walionyesha jinsi ya kuibandua. Walitia floraidi nyingi kwenye sampuli za damu za waathirika zilizokuwa zimehifadhiwa. Floraidi ikaing'oa sumu kwenye kimeng'enya na kuiunda upya kuwa sarini, kisha ikatolewa na kupimwa.

Hapo panagusa donda la majaribio yote ya kulinganisha njia. Kawaida mtafiti huchukua damu safi, huitia sumu kwa kipimo anachokijua, huikamua kwa njia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha huandika kila njia imerudisha asilimia ngapi. Kati ya 70 na 120 kwa kawaida hukubaliwa. Lakini sumu iliyotiwa asubuhi kwenye mrija bado ni mgeni aliyesimama mlangoni. Iliyokaa mwilini siku tatu imeshaolewa na protini na kujificha kwenye mafuta, na njia inayomtoa mgeni mlangoni huenda isimtoe mwenyeji chumbani. Njia iliyopata 95 kwa damu ya mezani inaweza kushindwa na ya 80 kwa damu ya wodini.

Njia inayotawala siku hizi ilitoka sokoni kwa wauza matunda. Mwaka 2003 Michelangelo Anastassiades na Steven Lehotay, waliofanya kazi pamoja katika kituo cha wizara ya kilimo ya Marekani huko Wyndmoor, Pennsylvania, walichapisha QuEChERS kwa ajili ya mboga na matunda: gramu 10 za sampuli, mililita 10 za asetonitraili, kutikisa, kutia gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu 1 ya chumvi ya kawaida, kutikisa tena. Asetonitraili na maji ni marafiki. Chumvi ndiyo inayowagombanisha, na sumu hufuata asetonitraili. Unga kidogo wa kusafishia, mzunguko mmoja wa mashine, basi. Haikuchukua miaka mingi kabla wataalamu wa damu kuiazima, kwa vipimo vidogo zaidi. Kwenye damu asetonitraili ina fadhila ya ziada: inagandisha protini hapo hapo.

Na ilikuja wakati ilipohitajika. Imidakloprid na wenzake, dawa zilizoenea tangu miaka ya 1990, ni wajukuu wa nikotini waliotengenezwa kiwandani, na kama babu yao, hawayachukii maji. Heksani iliyowanasa DDT na endrini inawapita bila salamu. Maabara iliyobaki na njia ya mwaka 1966 ingeandika kwa uaminifu kabisa kwamba damu ni safi. Kisha mwishoni mwa mwaka 2008 asetonitraili yenyewe ikaadimika duniani, kwa kuwa ni zao la pembeni la viwanda vinavyolisha biashara ya magari na plastiki, na biashara hiyo ilikuwa imeporomoka. Bei ikapanda sana, na waliokuwa wamezizika njia za zamani wakaenda kuzifukua.

Kuna hatua moja ambayo majedwali ya kulinganisha huipita kimya. Mgonjwa aliyekunywa dawa ya shamba huletwa usiku, damu huchukuliwa, na mahangaiko yote huelekezwa kwake, kama inavyopasa. Ndani ya chupa vimeng'enya haviachi kazi. Vinaendelea kuikata organofosfeti kama vilivyokuwa vikiikata mishipani. Maabara za uchunguzi wa vifo hutaka damu itiwe floraidi ya sodiamu na iwekwe kwenye baridi mara moja: chumvi za floraidi zilezile zilizoing'oa sarini kule Rijswijk, sasa zikitumwa kuvituliza vimeng'enya. Chupa iliyosahauliwa dirishani hadi mchana itafika maabara na lebo safi, jina, saa na sahihi, na hapo si heksani, si unyuzi, si chumvi ya Wyndmoor itakayokuta kitu.